Daftari la hisa na vipande: kusimamia uwekezaji wako mpaka uzeeni

Kununua hisa siku hizi si safari tena. Unafungua Hisa Kiganjani kwenye simu, unaingiza namba ya NIDA, unalipa kwa mtandao wa simu, basi, umeshakuwa mmoja wa wenye kampuni. Vipande vya UTT, yaani sehemu unazonunua kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ndiyo rahisi kabisa. Kinachowashinda wengi ni ile miaka mingi inayofuata. Nimekaa na wazee wenye hisa za kampuni ya bia walizonunua zamani, na ukiwauliza wana ngapi wanakuna kichwa. Cheti kilibaki kwenye sanduku la marehemu kaka, gawio la mwaka juzi, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, hawajui liliingia akaunti ipi. Hao walizika fedha, kisha wakasahau kaburi.

Kwa hiyo hapa sitakuambia ununue hisa gani. Nataka tuzungumze kazi ya baada ya kununua: kugawa, kuandika, kurudisha gawio, kusawazisha. Mifano ni ya Soko la Hisa la Dar es Salaam na mifuko ya hapa Tanzania, maana ndiko fedha zangu ziliko. Aliye Nairobi atabadilisha majina na viwango vya kodi, kazi ni ile ile. Mimi si dalali wala mshauri mwenye leseni, ni mwalimu mwenye daftari.

Hatua ya 1: Jua fedha ipi iko tayari kulala

Gawa fedha zako mafungu matatu kabla ya kununua hata hisa moja.

Fungu la kwanza ni la dharura: mtoto kalazwa, mshahara umechelewa, paa limeezuliwa na upepo. Liwe na matumizi ya nyumba yako ya miezi mitatu hadi sita, na lisikaribie hisa kabisa. La kwangu liko Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kwa sababu hauna ada ya kuingia wala ya kutoka, na ukiomba fedha zako unazipata ndani ya siku chache za kazi. Kiasi kidogo nakiacha kwenye simu, maana hospitali haisubiri siku za kazi.

Fungu la pili ni fedha zenye kazi yake ndani ya miaka mitatu minne: ada, bati, mahari. Nazo si za hisa, na sababu yake iko wazi kwenye historia ya hisa moja tu. Benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Bei ikapanda, na mwaka 2015 benki ikawauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa 350. Kufikia mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa sokoni chini ya ile 150 ya mwanzo. Mwaka 2024 ikapita 600. Sasa mfikirie mzazi aliyeweka ada ya chuo humo mwaka 2015 akiitegemea mwaka 2019, halafu mfikirie jirani yake aliyeweka fedha zisizo na kazi mpaka astaafu. Wamenunua kitu kimoja, siku moja, bei moja. Mmoja kalia, mwingine hana hata habari kama bei ilishuka.

Fungu la tatu ndilo la mwongozo huu: fedha ambazo huna shida nazo kwa miaka kumi na kuendelea. Na kama una mkopo wa kausha damu, usisome zaidi ya hapa, kaulipe kwanza. Hakuna gawio linaloshindana na riba ya wiki.

Hatua ya 2: Majina yafanane, akaunti iwe hai

Hatua hii inaonekana ya kitoto. Ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Ukinunua hisa unapewa akaunti ya CDS, yaani mahali hisa zako zinapohifadhiwa kielektroniki, na namba yake. Namba hiyo iandike pahali zaidi ya pamoja. Hakikisha jina lililo kwenye CDS ndilo lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye akaunti ya benki na kwenye akaunti yako ya vipande, herufi kwa herufi. Kama NIDA inakuita Mwanaidi na benki inakuita Mwanahidi, siku ya kulipwa utaitwa uthibitishe kwamba wewe ni wewe, na huenda ukatakiwa kula kiapo kwa wakili kwa ajili ya herufi moja.

Mimi nilifunga akaunti ya benki niliyokuwa nimeiandikisha kwa ajili ya gawio, nikafungua nyingine karibu na kazini. Sikumwambia mtu. Miaka miwili gawio likawa linakwenda na kurudi, nami nikadhani kampuni haijalipa. Nilipokwenda kuuliza, dada wa pale dirishani aligeuza kioo cha kompyuta nione: mistari miwili, miaka miwili, mbele ya kila mmoja limeandikwa kuwa malipo yameshindikana. Nilijaza fomu, nikaambatanisha barua ya benki, nikasubiri. Fedha zilikuja zote, ila hazikuja na faida ya ile miaka miwili.

Basi kila ukibadilisha benki, namba ya simu au jina la ndoa, kaibadilishe na huko. Kwa hisa unaanzia kwa dalali wako au kwa CSDR, kampuni tanzu ya soko inayotunza daftari la wanahisa. Kwa vipande unakwenda kwa meneja wa mfuko.

Kuna ukaguzi mmoja wa kufanya hapa hapa. Dalali yeyote, mfuko wowote, lazima uwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Orodha ya wenye leseni ni ya wazi. Waliokuwepo mwaka 2009 wanakumbuka DECI, ule mchezo wa upatu, watu walivyopanga foleni kupanda mbegu wavune maradufu. Siku hizi foleni imehamia kwenye makundi ya WhatsApp, ila wimbo haujabadilika. Mtu akikuahidi faida ya uhakika kwa wiki, usihangaike hata kutafuta jina lake kwenye orodha.

Hatua ya 3: Panga mgao, uuandike kwa asilimia

Uwekezaji wa mtu wa kawaida hapa nchini una viungo vitatu: vipande vya mifuko, hisa unazochagua mwenyewe, na hatifungani za serikali, yaani karatasi za kuikopesha serikali nayo ikulipe riba. Amua kila kimoja kiwe asilimia ngapi ya kapu lako, andika, weka tarehe.

Mgao wangu ni huu: nusu vipande, asilimia 30 hisa, asilimia 20 hatifungani. Si sheria. Kijana wa miaka 25 mwenye ajira anaweza kupandisha hisa. Aliyebakiza miaka mitano kustaafu azipunguze, aongeze hatifungani, kwa sababu hatifungani inamlipa riba kila miezi sita bila kujali soko limeamkaje. Cha msingi ni kwamba asilimia uzipange siku umetulia, siyo siku gazeti limeandika kwamba hisa fulani imepaa.

Hapa kuna mtego wa soko letu. Dar es Salaam kampuni zilizoorodheshwa ni chache, na benki ni nyingi kati ya hizo. Mtu ananunua CRDB, akaongeza NMB, akaongeza DCB, akajisifu kwamba ametawanya. Hajatawanya: ana biashara moja mara tatu. Wakopaji wakikwama, au Benki Kuu ikibadilisha masharti ya mikopo, zote tatu zitaguswa. Kama unataka hisa nne, tafuta nne zisizolala kitanda kimoja. Chukua benki, saruji kama Twiga, kiwanda cha bidhaa za kila siku kama TBL ya bia au Kampuni ya Sigara, na huduma kama simu.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Mfuko wa Umoja, ule wa mwaka 2005 uliokuwa wa kwanza kabisa wa UTT, nao unanunua hisa hizo hizo za Dar es Salaam. Ukiwa na vipande vya Umoja na hisa za CRDB mkononi, unazo mara mbili. Si kosa, ila lijue. Ukitaka sehemu yako ya mifuko iwe tulivu, chagua ule unaoegemea hatifungani na amana za benki.

Kwenye ubao wa Dar es Salaam utaona pia majina ya Kenya: KCB, EABL, Jubilee, Kenya Airways. Zimeorodheshwa kote kote, lakini kwa huku zinaweza kukaa muda mrefu pasipo muamala hata mmoja. Ziache huko huko kwao.

Hatifungani ya serikali inaanzia shilingi milioni moja kwenye mnada wa Benki Kuu, na unapita kwa dalali au benki yako. Asiye na milioni kwa mkupuo anaweza kuanza na Mfuko wa Hatifungani wa UTT. Jambo moja la kuelewa: kiwango cha riba unachokuta siku ya kununua ndicho kinachobaki kwako mpaka mwisho. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipunguza riba ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na za miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Wenye zile za zamani waliendelea kuvuta 15 na ushee, na waliotaka kuziuza walipata bei nzuri, kwa sababu kila mtu alizitaka. Riba zikipanda, mambo yanageuka: karatasi yako ya zamani inashuka bei sokoni. Usiyeuza haikuhusu.

Kwa wasiotaka riba kwa sababu ya dini, mlango umeanza kufunguka. Sukuk, yaani hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba, ya kwanza kuwafikia watu wengi ni Fursa Sukuk ya Benki ya KCB, iliyotolewa mwaka 2022, na sasa ipo pia mifuko inayofuata misingi ya Kiislamu.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Wengine wanatumia Excel, sawa. Mimi natumia kaunta buku la kwaya mbili, lenye gamba gumu, kwa sababu simu yangu imeshaibiwa mara mbili na daftari halijawahi.

Kila kampuni ina ukurasa wake, na kila mfuko ukurasa wake. Ukurasa una safu za tarehe, idadi, bei, gharama zote, jumla niliyolipa, idadi niliyonayo sasa na bei ya wastani. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa maneno: nilinunua kwa nini.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kubuni. Mwezi wa tatu umenunua hisa 400 kwa shilingi 500. Hizo ni 200,000. Dalali, soko, mamlaka na hifadhi wakachukua chao, tuseme 4,800. Umelipa 204,800, kwa hiyo hisa moja imekusimamia shilingi 512. Wengi huandika 500, na hapo ndipo wanapoanza kujidanganya. Mwezi wa tisa bei imefika 620, ukaongeza hisa 300: ni 186,000, na gharama 4,464, jumla 190,464. Sasa una hisa 700 zilizokula 395,264. Gawanya: wastani wako ni shilingi 565 hivi.

Gawio likitangazwa shilingi 40 kwa hisa, 700 zako zinakupa 28,000. Serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni, yaani 1,400, na unapokea 26,600. Linganisha na 395,264 uliyotoa: ni asilimia 6.7. Hiyo ndiyo namba yako. Ile ya gazetini imepigwa kwa bei ya jana, nawe hukununua jana.

Gharama halisi utazikuta kwenye hati ya muamala ambayo dalali anakutumia kila ukinunua au ukiuza. Kwa viwango vidogo kama vyetu hesabu kiasi cha asilimia 2 na kitu kwa kila upande. Kwa hiyo anayenunua leo na kuuza mwezi ujao ameshapoteza zaidi ya 4 kabla bei haijasogea. Kalamu ikishaandika hilo mara mbili, mkono unaacha kuwasha.

Ule mstari wa chini usiudharau. Kwangu ukurasa mmoja unasomeka: "Nimenunua kwa sababu wanajenga na saruji lazima inunuliwe, na kampuni haina madeni makubwa." Mwingine unasomeka: "Jamaa wa ofisini kasema itapanda." Sihitaji kukuambia upi ulinitia hasara.

Hatua ya 5: Nunua kwa ratiba

Vipande nunua kila mwezi, siku moja baada ya mshahara, kiasi kile kile. Thamani ya kipande ikiwa juu utapata vichache, ikiwa chini utapata vingi. Huhitaji kubashiri.

Hisa ni tofauti. Kununua kidogo kidogo kila mwezi kunakusumbua na kiasi kinakuwa kidogo mno kwa soko. Mimi najaza fungu la hisa kwenye Ukwasi kwa miezi mitatu, kisha nanunua mara moja. Kabla ya kuagiza nafungua taarifa ya soko ya siku tano zilizopita na kutazama kitu kimoja ambacho wageni hawakitazami: ni hisa ngapi zimepita mkononi. Bei iliyoandikwa ubaoni inaweza kuwa ya muamala wa hisa chache wa juzi. Ukitaka kuuza elfu mbili kwenye soko linalopitisha mia, utashusha bei mwenyewe au utasubiri wiki.

Kwa hiyo unapoagiza, taja bei yako ya juu kabisa, usiseme tu "ninunulie". Ikipita bila kufika kwako, haikuwa riziki ya wiki hiyo.

Hatua ya 6: Gawio lirudi kundini

Ningeulizwa nichague hatua moja tu katika zote hizi, ningechagua hii.

Kampuni nyingi za hapa hufunga hesabu Desemba 31. Benki huchapisha hesabu zake kila robo mwaka, na mikutano mikuu mingi huangukia mwezi wa tano na wa sita. Mkutano unapitisha gawio na kampuni inatangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa. Kama jina lako halijaingia kufikia siku hiyo, gawio la mwaka huo si lako, na kwa kuwa muamala huchukua siku kadhaa kukamilika, kununua siku moja kabla ni kuchelewa. Andika tarehe hizo kwenye ukurasa wa kampuni.

Kisha fedha zinaingia. Ujumbe unalia mezani: laki na ishirini. Haina jina la mtu, haijaombwa na mtu, na inaingia msimu ambao kila kadi ya mchango wa harusi Dar imeshafika mlangoni. Inaliwa kabla ya Jumapili. Sisemi kwa kejeli, langu limeliwa hivyo miaka minne.

Hesabu yake ndiyo iliyonishtua. Weka milioni moja inayokupa asilimia 10 kwa mwaka. Kila mwaka ukila ile laki, baada ya miaka 20 umekula milioni mbili na mtaji wako bado ni milioni moja ile ile. Ukiirudisha kila mwaka, baada ya miaka 20 una milioni 6 na laki 7. Umetoa mfukoni milioni moja tu. Zilizobaki ni watoto wa watoto.

Tena gawio lenyewe halikai pahali pamoja. CRDB ililipa shilingi 5 kwa hisa kutokana na hesabu za mwaka 2017, ikalipa 8 kwa 2018, 17 kwa 2019, 22 kwa 2020, 36 kwa 2021, 45 kwa 2022, 50 kwa 2023 na 65 kwa 2024. Aliyekuwa akirudisha zile tano tano za miaka mibaya alikuwa ananunua hisa za bei ya chini, na hisa hizo ndizo zilizokuja kulipa 65. Siahidi kwamba itaendelea hivyo, na zipo benki zilizopanda kisha zikashuka moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba miaka ya gawio dogo ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Namna ya kujizuia ni ya kimakanika. Akaunti ya gawio isiwe ile yenye kadi unayotembea nayo, na usiiunganishe na simu. Siku gawio linapoingia, kabla hujamwambia mtu, lihamishie Ukwasi. Mwisho wa robo likae kwenye fungu la kununulia. Nikiri: robo ya gawio tunakula. Mke wangu aliweka sharti hilo, na tangu aliweke hajawahi kuuliza hizo nyingine zimekwenda wapi.

Hatua ya 7: Mara moja kwa mwaka, sawazisha

Mimi hufanya wiki ya mwisho ya mwezi wa saba, gawio limeshaingia na shule zimetulia. Kalamu, daftari, taarifa ya soko ya siku hiyo, thamani ya vipande ya siku hiyo. Saa mbili zinatosha.

Andika kila kiungo kina thamani gani leo na ni asilimia ngapi ya kapu zima. Tuseme ulianza mwaka na milioni 5: vipande milioni 2.5, hisa milioni 1.5, hatifungani milioni 1. Hisa zikawa na mwaka mzuri. Leo vipande ni milioni 2.7, hisa milioni 2.4, hatifungani milioni 1 ile ile, jumla milioni 6.1. Hisa ulizozipangia asilimia 30 zimefika 39.

Vitabu vingi vya ughaibuni vitakuambia uza hisa ununue vingine. Kwa soko letu sikushauri. Utalipa gharama za kuuza na pengine hutapata mnunuzi wa bei unayoiona. Tumia fedha mpya. Kama mwaka unaokuja umepanga kuongeza milioni 1.2, zote zielekeze kwenye vipande na hatifungani, usinunue hisa hata moja. Ukiacha kupanda na kushuka kwa bei, kapu litakuwa milioni 7.3 na hisa zitakuwa asilimia 33. Karibu kabisa na ulipotaka, na hujauza kitu. Kuuza ili kusawazisha nakuachia siku kiungo kimoja kimepita nusu ya kapu lote bila kukusudia.

Basi unauza lini? Kuna uuzaji wa halali wa aina tatu. Kwanza, siku ile uliyoiandika imefika: umestaafu, nyumba inaezekwa, mtoto anakwenda chuo. Anza kuhamisha miaka miwili mitatu kabla, kidogo kidogo, usingoje wiki ya kulipa ada. Pili, ile sababu uliyoiandika chini ya ukurasa imekufa. Tatu, umegundua hukuelewa ulichonunua. Hiyo ya tatu inauma lakini ni ya haki. Faida ya kuuza hisa za sokoni haitozwi kodi kwa mkazi mwenye kiasi kidogo kama sisi, kwa hiyo kodi isiwe kisingizio cha kung'ang'ania.

Bei kushuka peke yake si sababu. Bei kupanda peke yake nayo si sababu ya kukaa. Mwaka 2017, sheria ikiwa imezitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zake kwa umma, Vodacom Tanzania ilitoka kwa shilingi 850 na watu wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani. Miaka kadhaa baadaye bei ilikuwa chini ya 850. Waliokuwa na ukurasa waliweza kujiuliza maswali ya maana: je, wateja wanaongezeka, faida inarudi, gawio linalipwa? Wasiokuwa na ukurasa walikuwa na swali moja tu, lini itarudi 850, na swali hilo kampuni haiwezi kulijibu.

Ukimaliza, piga mstari, weka tarehe, funga daftari. Usifungue bei kila asubuhi. Soko letu lina siku nyingi ambazo hakuna kilichotokea, na mtu anayechungulia kila siku ataishia kutafuta cha kufanya.

Hatua ya 8: Ukurasa wa mwisho

Hisa hazina harufu kama mahindi ghalani, kwamba ukifa majirani watajua zipo. Kama hujamwonyesha mtu, zinabaki kwenye mfumo zikipokea gawio ambalo hakuna anayelifuata.

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu una namba ya CDS, jina la dalali, namba za akaunti za vipande, benki inayopokea gawio, na maelezo mafupi kwa atakayebaki. Nenda Mahakama ya Mwanzo uteuliwe msimamizi wa mirathi, chukua barua ya uteuzi na cheti cha kifo, anzia kwa dalali, kisha kwa meneja wa mfuko. Usiuze kwa haraka, hisa zinaweza kuhamishiwa majina ya warithi zikaendelea. Kwa fedha za watoto nimeandika pia ni zipi ziko Mfuko wa Watoto, zisichanganywe na nyingine. Namba ya siri sikuandika popote na wewe usiandike.

Mwezi wa saba uliopita nilipomaliza hesabu nilimwita binti yangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, nikamwambia asome ukurasa ule kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho, akageuza nyuma akatafuta ukurasa wa "jamaa wa ofisini kasema itapanda", akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza daftari linakaa wapi. Nikamwonyesha droo.